Rambo wa kwanza alilia, wa pili hakuwa na muda huo

Mtajie Rambo mtu yeyote aliyekulia kwenye mabanda ya video, atakuigizia palepale: kitambaa kichwani, kifua wazi, bunduki kubwa mkononi inatema risasi. Huyo ni Rambo wa sehemu ya pili, wa mwaka 1985. Wa kwanza, wa First Blood ya mwaka 1982, wengi wetu tulikuja kumwona baadaye, tena kwa mshangao. Mbona steringi analia?

Analia kweli. Ameshauvuruga mji mdogo wa Hope, askari wamezingira kituo cha polisi, na kanali wake wa zamani, Trautman, ameingia kumtaka ajisalimishe. Stallone, anayemwigiza Rambo, anakaa chini na kuanza kumsimulia habari za rafiki yake aliyelipuliwa Saigon na kisanduku cha mng'arisha viatu kilichotegwa bomu. Maneno yanamkwama, nusu hayasikiki. Kabla ya hapo tumeshamwona msituni akijishona mwenyewe jeraha la mkono kwa sindano na uzi. Katika filamu nzima, anayekufa mbele ya macho yetu ni polisi mmoja tu, yule anayeporomoka kutoka kwenye helikopta. Na katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 iliyoizaa filamu hiyo, Rambo mwenyewe hafiki mwisho akiwa hai. Watengenezaji walipiga picha za kifo chake, kisha wakaamua aishi. Bila uamuzi huo, tusingekuwa na la kubishania leo.

Sehemu ya pili inampeleka Vietnam kutafuta mateka wa Kimarekani. Kuna mahali afisa wa adui anamfyatulia risasi moja baada ya nyingine naye amesimama wima, hana haraka, anauvuta upinde wake wenye mshale wa baruti kana kwamba anapimiwa suti. Zote zinamkosa. Mshale mmoja, afisa hayupo tena. Kwa mfasiri wa kibandani, wa mkondo wa Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, mahali kama hapo ni mteremko: picha imenyamaza, anachombeza anavyotaka, banda linalipuka kwa vicheko. Siwalaumu waliopiga makofi. Nilipiga pia. Lakini ukitoka nje, jiulize kama kuna dakika hata moja uliyomhofia.

Wenye fedha hawakujali swali hilo, maana filamu hiyo iliingiza takribani dola milioni 300 duniani, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Ya tatu ikatupwa Afghanistan kwa bajeti kubwa zaidi, ikaingia kumbini Mei 25, 1988, siku 10 tu baada ya majeshi ya Kisovieti kuanza kuondoka huko. Mapato yalishuka vibaya.

Ugonjwa huohuo wa mbabe asiyeumia ulimpata Bruce Willis. Kwenye Die Hard ya 1988 yuko pekupeku, anachomoa vigae vya kioo nyayoni huku akizungumza na polisi wa nje kwa redio, na unaona kabisa kwamba anaaga. Kwenye ya nne, ya 2007, anang'ang'ania mgongo wa ndege ya kivita na kutoka mzima. Sasa hapo nimwogopee nini?

Wapo wanaosema kila muendelezo ni hasara tupu. Hao James Cameron anawatosha, ingawa jina lake limo pia kwenye uandishi wa Rambo ya pili, pamoja na la Stallone. The Terminator yake ya 1984 ilitengenezwa kwa dola milioni 6 na ushee. Ya pili, ya 1991, iligharimu takribani milioni 100. Fedha zote hizo zingeweza kuishia kwenye milipuko. Cameron alichofanya ni kumshusha Arnold Schwarzenegger. Muuaji wa sehemu ya kwanza sasa ni mlinzi wa mtoto, tena mtambo wa kizamani mbele ya T-1000, ambaye ni Robert Patrick, mtu mwembamba, asiyetisha kwa umbo, anayeyeyuka na kujiunda upya. Mbabe amempata mbabe wake. Na Sarah Connor, mhudumu wa mgahawa aliyekuwa akikimbia ovyo, tunamkuta hospitali ya wagonjwa wa akili akijivuta juu kwa mikono kwenye fremu ya kitanda alichokisimamisha. Hakuna anayehitaji kuambiwa miaka iliyopita hapo katikati ilimfanya nini.

Tom Cruise naye yumo kwenye hesabu. Katika Mission: Impossible – Fallout ya 2018, filamu ya sita, alivunjika kifundo cha mguu akiruka kutoka jengo moja hadi jingine London, na picha hiyo imeachwa ndani ya filamu. Anainuka, anachechemea, anaendelea. Umri umempa kile ambacho waandishi wa Rambo walikiondoa.

Ukipata nafasi wikiendi hii, tazama Terminator mbili za mwanzo usiku mmoja, kwa mpangilio wake. First Blood iwekee siku yake peke yake, na mfululizo wa Rambo uishie hapo.