Safi na Salama: Utangulizi wa Elimu ya Maji ya Bomba Kijijini

Msemo "maji safi na salama" tumeusikia mara nyingi mno, hata masikio yameacha kutambua kwamba una sifa mbili. Diwani anautaja akizindua mradi, redio inaurudia, kibao kilichosimikwa kando ya tenki kimeubeba kwa rangi ya bluu. Lakini usafi hupimwa kwa macho, pua na ulimi. Usalama hupimwa na mwili, na mwili haujibu papo hapo: huweza kujibu baada ya siku tatu, huweza kujibu baada ya miaka kumi. Fani ninayokukaribisha hapa imejengwa juu ya ile "na" ndogo iliyo katikati ya maneno hayo mawili.

Nimeandika nikiwafikiria wasomaji watatu: mwanafunzi anayeanza masomo ya maji chuoni, afisa afya wa kata, na fundi wa kijiji anayefungua valvu alfajiri na kuifunga jioni. Huyu wa tatu ndiye ninayemtegemea zaidi. Sababu utaiona tukifika mwisho.

Tuanzie Maji ya Chai, mji mdogo ulio mashariki ya Arusha, kwenye barabara ya kwenda Moshi. Jina limetokana na mto wenye maji ya rangi ya chai, na mgeni hudhani rangi hiyo ndiyo tatizo. Ukipanda kwenye miteremko ya Mlima Meru utakuta chemchemi zenye maji maangavu kama kioo, yasiyo na harufu, ambayo mwenye kiu angeyanywa bila kuuliza. Nyingi kati yake zimebeba floraidi iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo huota yakiwa na madoa ya njano na kahawia. Kiwango kikizidi sana na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo hushikwa: miguu inapinda, mgongo unakakamaa. Hapo maji yakimwagika hayazoleki. Jino lililoota na doa halirudi nyuma likaanza upya.

Sasa mfikirie mama wa hapo aliyefundishwa kliniki kwamba maji ya kunywa lazima yachemshwe. Anatii. Anachemsha muda mrefu, kwa uangalifu wote, na vijidudu vinakufa. Floraidi haifi, maana haikuwa hai. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani ikiwa imekolea zaidi kuliko mwanzo. Akitia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi, huenda ameongeza nyingine, kwa kuwa magadi ya ukanda huo mara nyingi nayo yana floraidi. Mama huyu hakukosea hata hatua moja ya somo alilopewa. Somo lenyewe ndilo lililoanzia katikati. Kanuni ya kwanza ya fani yetu ni hii: kabla ya kuuliza tuyafanye nini maji haya, uliza yana nini.

Serikali ina kituo cha utafiti huko Ngurdoto, chini ya mlima huohuo, kinachoshughulikia kupunguza floraidi. Njia inayojulikana zaidi hapo ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri ambalo hewa yake imedhibitiwa, ikapondwa kuwa chenga, ikajazwa ndani ya ndoo au tenki, kisha maji yakapitishwa humo. Floraidi inanasa kwenye mfupa kwa sababu ileile inayoifanya ishike jino: jino na mfupa ni ndugu, vyote viwili vina madini ya kalsiamu ambayo floraidi huyakimbilia. Tunachofanya ni kuipa mfupa wa ng'ombe ili iache wa mtoto.

Lakini chujio lina tabia zake, na fundi asiyezijua litamdanganya. Mfupa uliochomwa nusunusu huyapa maji harufu na rangi, na familia huliweka chujio uvunguni. Mfupa uliounguzwa kupita kiasi hadi ukawa mweupe hupoteza nguvu ya kunasa. Hata uliochomwa vizuri hufika siku ukashiba. Maji yanapita na floraidi yake yote, na glasi inaonekana vilevile kama jana. Tena wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, mfupa huu ni wa mnyama gani na alichinjwaje. Mtaalamu anayeona swali hilo halihusu sayansi atajenga mtambo mzuri usio na mtumiaji.

Basi, ni kiasi gani cha floraidi kinachovumilika? Hapo ndipo tunapokutana na viwango. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8; baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, na leo ni 1.5. Usikimbilie kuwahukumu waliokaa mezani mwaka 1974. Miaka mitatu kabla yake nchi ilikuwa imejiwekea lengo kwamba katika miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kufunga kila kisima kilichozidi 1.5 kungewarudisha watu wengi kwenye madimbwi na kuhara. Kiwango hutokana na sayansi, lakini pia ni mapatano kati ya hatari mbili, na msomi mzuri hujifunza kusoma hatari zote mbili nyuma ya namba moja.

Dunia nzima, kwa kweli, ilihesabu mabomba kwa miaka mingi bila kuuliza kinachotoka bombani. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yalibadilisha hesabu hiyo. Maji yanayohesabiwa kuwa salama sasa ni yale yaliyo nyumbani kwa mtu, yanayopatikana yanapohitajika, yasiyo na uchafu wa kinyesi wala kemikali zilizopewa kipaumbele, nazo ni aseniki na floraidi. Kumtua mama ndoo kichwani ni kazi kubwa na ya heshima. Baada ya ndoo kutua, swali la kilichomo ndani yake lingali palepale.

Tuhamie kwenye hatari inayojibu haraka, yaani kinyesi. Vimelea vya magonjwa ya tumbo ni vingi mno kuvitafuta kimoja kimoja, kwa hiyo tunamtafuta shahidi. Bakteria aitwaye E. coli huishi matumboni mwa watu na wanyama. Akionekana kwenye maji, kinyesi kimepita njia hiyo, na lolote lililokuwa ndani yake huenda limepita pia. Sharti ni asionekane hata mmoja katika mililita 100, ambazo hazifiki nusu ya glasi. Shida ya shahidi huyu ni kwamba huchelewa kufika mahakamani. Sampuli huwekwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa muda wa karibu siku nzima kabla ya kusomwa. Jibu linapotoka, kijiji kimeshakunywa.

Ndiyo maana kipimo cha kila siku ni cha klorini, dawa inayotiwa majini kuua vijidudu. Njoo nami kwenye kilula saa moja asubuhi. Madumu ya njano yameshapangwa foleni. Waombe radhi akina mama, acha maji yatiririke kidogo, kisha jaza kichupa cha mililita 10. Pasua karatasi ya kidonge cha DPD, dawa ya kupimia klorini, na ukidondoshe ndani bila kukigusa kwa vidole. Funga, tikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka waridi mbele ya macho yako, na unalinganisha rangi na ile ya kwenye kifaa. Yasipogeuka, hakuna kitu. Bombani tunataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kazi yote haifiki dakika tano, na watoto watakuzunguka kutazama.

Rangi ile inakwambia mengi kuliko inavyoonekana. Klorini inayotiwa kwenye tenki hupambana kwanza na tope na takataka. Ndiyo maana maji yenye tope huimaliza kabla haijavifikia vijidudu. Inahitaji walau nusu saa ya kufanya kazi. Maji yenye alkali nyingi, kama yalivyo mengi yenye floraidi, huipunguza makali. Kile kinachobaki baada ya vita hivyo ndicho mlinzi wa maji safarini, na safari ni ndefu. Siku za mgao bomba hubaki tupu, na penye ufa maji machafu ya ardhini huingia ndani. Nyumbani maji yanahamia kwenye pipa, yanachotwa kwa kikombe, na mkono ulioshika kikombe una habari zake. Kwa hiyo usiseme "maji ya kijiji hiki ni salama". Sema yalikuwa salama wapi, na saa ngapi.

Nimalizie na mji mdogo wa mbali. Walkerton, katika jimbo la Ontario nchini Canada, ulikuwa na wakazi wapatao 5,000. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na saba wakafa. Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor iligundua kwamba wahudumu wa maji walikuwa hawapimi klorini kila siku kama walivyotakiwa. Kwenye fomu waliandika namba za kubuni, 0.5 au 0.75, siku baada ya siku. Nchi tajiri, vifaa vipo, maabara zipo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kutikisa kichupa na kuandika alichokiona.

Tanzania, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na huduma ya kila siku ikawekwa mikononi mwa vyombo vya jamii. Maana yake ni kwamba mpimaji wa kwanza wa maji ya kijiji ni fundi wa kijiji. Profesa atafika mara moja kwa mwaka na sampuli zake. Fundi yupo usiku mvua inaponyesha. Ukiwa mwanafunzi, omba kuona daftari lake kabla ya kufungua sanduku lako la vifaa. Ukikuta namba nzuri ileile kila siku, ingiwa na shaka. Ukikuta namba zinazopanda na kushuka, na pembeni mwandiko wa haraka usemao bomba lilipasuka au dawa iliisha, vuta kiti ukae, kwa sababu umempata mwalimu.

Na wewe fundi, kesho kichupa kisipogeuka waridi, andika sifuri. Kisha mpigie simu mwenyekiti.