Vidole viwili vikikufa ganzi

Ndugu msomaji, wewe unayeshika nyundo ao usukani kutwa nzima: kidole kidogo na jirani yake vikikufa ganzi, usiseme mara moja umerogwa. (Nimesikia hayo hata kanisani.) Nyuma ya kiwiko kunapita mushipa wa fahamu, ule unaotupiga kama umeme tukigonga meza. Ukibanwa, unavimba. Munganga mwenye ekografi, ile ile ya mama wajawazito, anaona pale ulipovimba, na kama unaruka mahali pake mukono ukikunjwa. Anaweza pia kuongoza sindano kwa kuona. Ikiwa ni mwanzo, wengi wanapata nafuu kwa kufunga taulo kwenye kiwiko usiku, mukono usikunjwe. Lakini nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ikianza kuisha, usingoje: pengine utapasuliwa, na nguvu iliyopotea pengine hairudi yote.