Jibu la Chuo Si Matokeo ya Mtihani

Binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Columbus, Ohio. Alituma maombi ya chuo kabla ya Novemba, na jibu linatarajiwa katikati ya Desemba. Wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Marekani tuko katika hali hii, na wapo pia walioko Nairobi na Dar es Salaam ambao watoto wao wameomba vyuo vya huku. Nawaandikia hao, kwa kuwa kusubiri humchosha zaidi mzazi asiyejua anachosubiri.

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kwa awamu. Awamu ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, na majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi. Awamu ya mapema mara nyingi hufungwa Novemba 1 au 15. Hii ya mapema ina aina mbili kubwa. Ya kwanza, Early Action, haimfungi mtoto: akikubaliwa, kwa kawaida ana hadi Mei 1 kuamua. Ya pili, Early Decision, inamfunga. Anachagua chuo kimoja, kisha yeye, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda huko na kuyafuta maombi mengine yote.

Binti yetu alichagua hiyo inayofunga. Kabla sijatia saini, mimi na mke wangu tulifungua kikokotoo cha gharama, ambacho kwa sheria chuo lazima kikiweke kwenye tovuti yake. Tukaingiza mapato yangu ya ghalani na yake ya kuhudumia wazee, tukaona kama tutaweza. Hesabu hiyo ifanywe mapema, maana mtoto aliyejifunga hapati nafasi ya kulinganisha msaada wa ada wa chuo hiki na kile.

Jibu lenyewe huwa moja kati ya matatu: kukubaliwa, kukataliwa, au kuahirishwa. Aliyekataliwa hawezi kuomba tena chuo hicho katika msimu huo. Aliyeahirishwa husomwa upya pamoja na waombaji wa awamu ya kawaida, na lile fungo la saini linaondoka.

Mama yangu hupiga simu kutoka Tanga kila Jumapili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Haya, matokeo ya mjukuu wangu yametoka?”

Namwelewa anavyouliza. Sisi tuliosoma Tanzania tumelelewa na matokeo ya kidato cha nne na cha sita: karatasi zinasahihishwa, alama zinajumlishwa, kila mtahiniwa anapangiwa daraja. Ulichoandika ndicho kinachokupa ulichopata. Mtoto asipofaulu, ukoo mzima unajua, na mzazi huona aibu kama yeye ndiye aliyeketi kwenye mtihani.

Vyuo vya huku haviendi hivyo. Wanasoma maendeleo ya darasani, barua za walimu, insha, na mambo anayofanya mtoto nje ya shule. Kisha wanatazama mahitaji yao wenyewe: nafasi zilizopo, fani zenye upungufu, mchanganyiko wa wanafunzi wanaoutaka. Harvard hukataa zaidi ya waombaji 9 katika kila 10, na wengi wa hao wana alama nzuri kabisa. Kwa hiyo mtoto anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akaambiwa hapana. Hapana hiyo haimpimi akili. Mzazi aliyekulia kwenye madaraja ya mitihani anapaswa kulikubali hilo moyoni kabla ya siku ya jibu.

Jioni binti yetu akirudi, huweka simu kifudifudi pembeni ya meza ya jikoni na kuandika insha za vyuo vingine. Moja inaeleza jinsi anavyomsuka mdogo wake kila Jumamosi: anavyogawa njia za nywele kwa mpini wa kitana, na maongezi yanayopita pale. Mama yake humwekea chai ya tangawizi na kumwacha. Insha hizi ni za lazima. Akisubiri jibu la Desemba ndipo aanze, zitabaki wiki mbili tu, tena za sikukuu. Na darasani asilegee, kwa sababu vyuo hupelekewa alama za katikati ya mwaka, na chuo kilichokwisha kumkubali kinaweza kumfutia nafasi zikiporomoka.

Jibu litakuja kwenye akaunti yake. Ameomba afungue chumbani na mdogo wake, halafu aje atuambie. Tumekubali. Na kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako picha za watoto waliokubaliwa zimeanza kumiminika, tunatoa pongezi za dhati na hatutaji chuo alichoomba binti yetu. Habari hiyo ni yake kuitoa.

Jambo moja hatukutaka lingoje Desemba. Tulimketisha, tukamwambia kwamba tunajivunia kazi aliyoifanya miaka hii minne, na kwamba hakuna chuo kitakachotubadilishia neno hilo. Wazazi wenzangu, mwambieni mtoto maneno hayo sasa. Yakisemwa kabla ya jibu, atajua mnayaamini. Yakingoja hadi akataliwe, atadhani mnambembeleza.