Rangi ya Nyuma: Jinsi Mhusika wa Picha Anavyotokeza

Jicho haliisomi rangi iliyo nyuma ya mhusika wa picha peke yake. Huisoma pamoja na rangi inayopakana nayo, na kila moja huibadilisha mwenzake. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyeanza kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris mwaka 1824, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Alipozichunguza hakuona kasoro ndani yake. Weusi ulipungua nguvu kwa sababu ya nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando. Katika kitabu alichotoa mwaka 1839 alieleza kwamba rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma jirani yake iwe kinyume nayo. Kijivu kilichozungukwa na rangi nyekundu huelekea kijani, na kikizungukwa na nyeusi huonekana cheupe kuliko kilivyo.

Kila rangi ina sifa tatu: aina yake, yaani kama ni nyekundu, njano au buluu, kiasi cha mwanga wake, yaani imekaribia weupe au weusi kwa umbali gani, na ukali wake, kama imekolea au imechujuka. Mchoraji anayeanza kwa kusema ataweka kijani ameanza na sifa isiyo na nguvu sana. Kinachomtenga mhusika na kilicho nyuma yake kabla ya kingine chochote ni tofauti ya mwanga.

Mazingira ya Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani mwa Zambia, yanalionyesha jambo hili vizuri. Udongo wake ni mwekundu, na vichuguu vikubwa vya eneo hilo la Katanga vina rangi hiyohiyo. Masika yakiingia, majani ya kijani huota juu ya wekundu huo. Nyekundu na kijani ni rangi pinzani, kwa hiyo mtu angetarajia mhusika aliyevaa kijani aonekane wazi mbele ya kichuguu. Lakini mwanga wa rangi hizo mbili ukilingana, ukingo kati yao huanza kutetema machoni, na umbo halitulii. Picha hiyo ikipigwa kwa simu bila rangi, nyeusi na nyeupe tu, mtu na kichuguu hugeuka kijivu kimoja. Jaribio hilo la simu halina gharama, na linafichua makosa mengi kuliko gurudumu la rangi linalobandikwa ukutani shuleni. Asiye na simu afumbe macho nusu: rangi hufifia na tofauti ya mwanga hubaki. Tiba nayo si lazima iwe kubadili nguo ya mhusika. Udongo ukipaushwa kidogo, kama unavyoonekana wakati wa kiangazi vumbi likiwa hewani, kijani hutulia na kusimama mbele.

Ngozi nyeusi ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi. Wanafunzi wengi huweka nyeupe nyuma yake wakidhani wanaisaidia. Matokeo yake ni kivuli cha mtu: mbele ya weupe mkali jicho huziona rangi zote za uso kuwa giza moja, na nuru ya shavuni, wekundu wa chini ya jicho na buluu ya kipaji cha uso humezwa. Rangi ya mwanga wa kati humfaa mhusika wa namna hiyo. Kwa sehemu kubwa kahawia ya ngozi ni rangi ya chungwa iliyopunguzwa mwanga, na mpinzani wa chungwa ni buluu. Ndiyo maana kijivu chenye buluu kidogo huipa ngozi uhai, wakati kahawia iliyokaribiana nayo huizamisha. Njia nyingine ni kuugeuza usuli wenyewe, yaani sehemu iliyo nyuma ya mhusika: upande wa uso unaopigwa na nuru, nyuma pawe na giza, upande wenye kivuli, nyuma pawe na mwanga. Mtazamaji haoni kwamba ukuta umebadilika rangi. Anachoona ni kichwa cha duara.

Ukali wa rangi hupangwa baada ya mwanga. Rangi iliyochujuka hurudi nyuma, iliyokolea huja mbele, na kitambaa kidogo chekundu kwenye usuli wa kijivu huvuta jicho kuliko ukuta mzima wa rangi hiyohiyo. Rangi za joto kwa kawaida husogea mbele na za baridi hurudi nyuma, ingawa kanuni hii huvunjika mara tu buluu inapokolezwa na nyekundu kupaushwa.

Si lazima tofauti itoke kwenye rangi hata kidogo, na uthibitisho wake uko Lubumbashi kwenyewe. Mwaka 1946, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar, na akawazuia wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Mmoja wao, Mwenze Kibwanga, aliwachora watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, mara nyingi katika rangi za udongo zinazokaribiana. Mwili na kilicho nyuma yake hukaribiana kwa rangi, na kinachovitenganisha ni mwelekeo wa mistari. Mwingine, Pilipili Mulongoy, aliijaza nafasi ya nyuma kwa alama ndogondogo, nukta na vistari, mpaka pasibaki pengo. Samaki na ndege wake hutokeza kwa sababu alama za miilini mwao zina mpangilio mwingine na ukingo ulio wazi. Wa tatu, Bela Sara, alipaka kwa ncha za vidole. Picha zao huonekana zimejaa kupita kiasi zikitazamwa kwa haraka, lakini hakuna mhusika anayepotea, na kwa hilo zinawashinda wachoraji wengi wenye rangi nyingi.

Kizazi kilichofuata, cha wachoraji waliouza picha kwa ajili ya kuta za sebule za wafanyakazi, kilichukua njia ya wazi zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, na wenzake walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Katika picha za Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, mwili wa rangi nyepesi hukaa mbele ya maji yenye rangi ya kina. Katika picha za Colonie Belge, yaani za enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, mfungwa anayechapwa viboko huvaa sare ya mistari ya njano na nyeusi. Njano kando ya nyeusi ni miongoni mwa tofauti kubwa za mwanga zinazowezekana, kwa hiyo hata ndani ya umati jicho humwendea mfungwa kwanza. Hapo mhusika amebeba tofauti mwilini mwake, na usuli unachotakiwa ni kunyamaza tu.

Kwenye kazi yenyewe, rangi ya nyuma ipakwe mapema. Ikiachwa mwisho, kila rangi ya mhusika itakuwa imechaguliwa mbele ya weupe wa kitambaa, na Chevreul ameshaeleza weupe huo unafanya nini. Vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi tatu au nne zinazofikiriwa, vikishikwa nyuma ya mchoro mmoja baada ya mwingine, hutoa jibu haraka. Aina ya nyeupe inayochanganywa na rangi ya nyuma ina uzito wake. Nyeupe ya zinki hupitisha mwanga, na huifanya rangi iwe ya baridi kidogo. Inafaa kwa ukungu na anga la mbali, si kwa kufunika usuli uliokosewa. Kwa kazi hiyo hutumika nyeupe ya titani, inayoficha kilicho chini yake.

Uamuzi wa mwisho hungoja rangi ikauke. Rangi ya akriliki huongezeka giza ikikauka, kwa hiyo usuli uliolingana na kivuli cha shavu ukiwa mbichi unaweza kukimeza asubuhi yake. Vanishi ya kung'aa nayo huzidisha kina cha rangi za giza kuliko za mwanga, hivyo hupanua pengo lililokwisha kuwepo kati ya mhusika na kilicho nyuma yake.