Je, Wajua? Afrika ina jamaa yake wa mchungwa

Machungwa, malimau na ndimu tunazonunua sokoni asili yake ni Asia. Ila katika misitu ya Afrika ya kitropiki kuna jamaa yao wa karibu ambaye hakuletwa na jahazi lolote. Wanasayansi huuita mti huo Citropsis articulata. Nchini Uganda ni omuboro.

Ni mti mdogo wenye miiba, unaoishi kivulini chini ya miti mirefu. Ponda jani lake unuse: ni ndimu tupu. Matunda huzaliwa kwa vishada, kila moja likiwa na upana wa sentimita 2 au 3 hivi, nayo yakiiva hugeuka rangi ya chungwa. Ni matamu na yananukia vizuri, ingawa mbegu ni kubwa na nyama ni haba. Juisi ya kujaza glasi usiitarajie!

Kama jina la jenasi, Citropsis lilitangazwa kitaalamu mwaka 1914 na Wamarekani Swingle na Kellerman. Wakulima nao wana sababu ya kuujali mti huu, kwani michungwa ya kawaida inaweza kubebeshwa juu ya shina lake.

Kinachouponza ni mizizi. Uganda huchimbwa na kuchemshwa, watu wakiamini kwamba huongeza nguvu za kiume, na mti umekuwa adimu katika baadhi ya misitu. Tunda ukilichuma, mti unabaki. Mzizi ukiung'oa, umeua mti. Anayeihitaji dawa hiyo basi aanze kwa kupanda mbegu.