Je, Wajua? Mwanya Mdogo Katika Kitanda cha Mtoto

Nchini Marekani, sheria hairuhusu nafasi kati ya fito za kitanda cha mtoto mchanga kuzidi sentimita 6 hivi. Penye upana zaidi, kiwiliwili hupenya, miguu ikitangulia, kisha kichwa hunasa na pumzi kukatika. Mwaka 2011 vitanda vyenye ubavu wa kushushwa vilipigwa marufuku huko, kwa kuwa makomeo yake yalifyatuka na kuacha mwanya kando ya godoro. Watoto walinasa humo wakafa. Godoro nalo liwe gumu, lijae kitanda barabara. Mito, blanketi na midoli laini visiwekwe humo, hata vikipendeza namna gani. Mtoto alazwe chali, usiku na mchana, hadi atimize mwaka mmoja.