Kumpokea na Kumbakiza Mwanagenzi: Bao na Michezo ya Mtandaoni katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Makala hii inafafanua namna mwanagenzi anavyopokewa katika mchezo, na kinachomfanya abaki au aondoke, kwa kulinganisha mifumo miwili inayokutana mikononi mwa vijana wa Karagwe na Kyerwa: bao, na michezo ya mtandaoni inayochezwa kwa simu. Hoja inayojengwa ni kwamba mgeni habakizwi na wepesi wa mchezo, bali na kuwapo kwa mtu anayeweza kumtofautisha mchezaji aliyetoroka na mchezaji aliyekwama.

Wilaya hizi, zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, ziko mahali ambapo mapokeo kadhaa ya bao yanapakana. Upande wa Uganda huchezwa omweso, upande wa Rwanda igisoro, na kutoka pwani linafahamika bao la Kiswahili. Yote matatu hutumia mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ingawa kanuni zake zinatofautiana. Utafiti wa Alex de Voogt wa mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa Zanzibar ulishughulikia umahiri. Makala hii inamtazama aliye upande wa pili wa ngazi hiyo.

Bao la Kiswahili ni gumu kwa mgeni. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata, na nyingine 22 mkononi. Hizo 22 huingizwa mojamoja katika awamu ya namua, ndipo awamu ya mtaji ifuate. Nyumba nayo ina sheria zake. Kwa sababu hiyo lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 na awamu ya namua huondolewa kabisa. Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Kilichopunguzwa ni mzigo wa kukumbuka.

Hata hivyo, kanuni hizo nyepesi peke yake hazimpokei mtu. Mwanagenzi huanza akiwa mtazamaji: hukaa kando ya ubao, hufuata mikono ya wengine, hukisia kete ya mwisho itaangukia wapi. (Mabingwa hawampendi mtazamaji anayeropoka, lakini hata karipio lao ni somo.) Akifungwa humpisha mwingine, naye hurudi kwenye benchi aliloanzia. Kushindwa hakumtoi barazani. Aidha, mvua ikinyesha au akiitwa nyumbani, hakuna anayemhesabu kuwa ametoroka, kwa kuwa waliokaa naye wanaiona sababu.

Michezo ya mtandaoni imeugawa upokeaji huo kwa namna nyingine. Katika PUBG Mobile, iliyotolewa mwaka 2018, mwanagenzi hupangiwa mechi zenye wachezaji bandia wanaoendeshwa na programu, hivyo hushinda mapema bila kujua amemshinda nani. Hali kama hiyo imo katika Free Fire ya mwaka 2017. Ni ukarimu, ila ni ukarimu unaoficha. Bao la kujifunza humwambia mgeni wazi kwamba bado anajifunza. Mchezaji bandia humwambia kwamba ameshaweza, naye hugundua ukweli anapokutana na binadamu.

Tatizo zito zaidi ni adhabu ya kuondoka. Mobile Legends huchezwa na vikosi viwili vya watu watano watano, na mmoja akipotea wanne huumia. Mfumo hukata alama za mwenendo za aliyeacha mechi, na zikishuka mno humzuia kushiriki mechi za madaraja. Mchezaji huruhusiwa kurudi kabla mechi haijaisha, lakini ruhusa hiyo haimfai aliyeishiwa bando au aliyezimikiwa simu. Huko Murongo, mpakani na Uganda, simu huweza kuhamia mtandao wa nchi jirani katikati ya mchezo. Mfumo hauoni mpaka wala kilima. Unaona kutokuwapo tu, nao hukuita utoro. Mwanagenzi wa kijijini, ambaye bado hana rafiki ndani ya mchezo wa kumtetea, huadhibiwa kwa kosa la mnara.

Ndiyo maana kikosi cha watu wanaofahamiana ana kwa ana, mathalani vijana wa mtaa mmoja wa Kayanga, kina uwezo ambao mfumo hauna. Wenzake wanajua kwamba umeme umekatika kwa sababu wao pia wako gizani. Wanaweza kumngoja, kucheza naye mechi zisizo za madaraja hadi alama zake zirudi, au kumkalisha kando atazame wakicheza, kama afanyavyo mtazamaji wa bao.

Jambo hili linagusa pia mbinu za utafiti. Takwimu za kuingia na kutoka mchezoni humhesabu aliyenyamaza wiki mbili kuwa amepotea, ilhali katika wilaya za wakulima wa kahawa huenda anasubiri malipo ya mavuno anunue bando. Mtafiti anayetaka kujua nani ameacha mchezo hana budi kwenda kumwuliza.